Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Eire ya Kaskazini aliyefanya kazi nchini Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto inayovimbisha mataya, ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt, na kwa kuchora ramani ya maeneo ya Afrika inakopatikana. Alikuwa pia kati ya madaktari wa kwanza kuonyesha kwamba mtoto mwenye ugonjwa huo anaweza kupona kwa dawa bila kukatwa taya. Baadaye alipata umaarufu wa aina nyingine kwa kuhimiza watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi.

Maisha ya awali

Burkitt alizaliwa karibu na mji wa Enniskillen, wilaya ya Fermanagh. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa wilaya hiyo. Wakati wa mapumziko alichunguza ndege wa bustanini mwake: aliwavisha pete miguuni, akachora ramani za eneo la kila ndege, na kazi yake hiyo inaheshimiwa na wataalamu wa ndege hadi leo. Mtoto wake naye alikuja kutumia ramani, lakini kwa magonjwa.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto, akapoteza jicho la kulia. Mwaka 1929 aliingia Trinity College mjini Dublin kusomea uhandisi, lakini baada ya muda alihamia masomo ya udaktari. Huko chuoni alishika imani ya Kikristo kwa nguvu, na imani hiyo ndiyo iliyomfanya atake kufanya kazi Afrika. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akafuzu upasuaji mjini Edinburgh, Uskoti.

Ombi lake la kwanza la kwenda kufanya kazi Afrika ya Magharibi lilikataliwa kwa sababu ya jicho lake moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Uingereza lilimkubali kuwa daktari mpasuaji, na kwa njia hiyo alifika Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi. Walijaliwa mabinti watatu.

Afrika ya Mashariki haikuwa ngeni kwa ukoo wake. Baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa daktari maarufu mjini Nairobi kabla ya vita hivyo.

Lira na ramani ya kwanza

Mwaka 1946 Burkitt alipelekwa Uganda, akapangiwa Lira katika wilaya ya Lango. Alikuwa na hospitali ndogo na eneo kubwa la kuhudumia. Wagonjwa wengi wa kiume walikuja na mabusha. Alipowauliza wanakotoka, aliona kwamba wengi walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na wachache upande wa magharibi. Aliandika matokeo hayo pamoja na ramani. Baadaye tofauti hiyo ilihusishwa na kuenea kwa minyoo ya filaria, inayobebwa na mbu na inayosababisha pia matende.

Kazi hiyo ya Lira haikumpa jina, lakini ilimwachia swali ambalo aliendelea kuuliza maisha yake yote: ugonjwa huu uko wapi, na mahali usipokuwepo pana tofauti gani?

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, katika hospitali ya Mulago, ambako alipasua wagonjwa, alifundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere, na alishughulikia pia utengenezaji wa viungo bandia vya bei nafuu.

Uvimbe wa mataya

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwomba amtazame mtoto wa umri wa miaka 5 hivi. Uso wake ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na la chini, na meno yake yalikuwa yamelegea. Burkitt alishangaa, kwa kuwa saratani ya mfupa kwa kawaida huanza mahali pamoja, na maambukizi ya kawaida ya meno hayaleti hali kama ile.

Wiki chache baadaye alikuwa akitembelea hospitali ya Jinja. Alipotazama nje kwa dirisha alimwona mtoto ameketi kwenye nyasi na mama yake, uso umevimba kwa namna ileile. Alipompima alikuta uvimbe mwingine tumboni. Tangu siku hiyo aliamini kwamba haya si mambo mawili ya bahati, akaanza kupekua majalada ya wagonjwa wa Mulago. Aligundua kwamba watoto wengi waliokuwa wameandikwa kuwa na saratani tofauti, mmoja ya taya, mwingine ya figo, mwingine ya ini au ya jicho, huenda walikuwa na ugonjwa mmoja tu.

Mwaka 1958 alichapisha makala juu ya watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wakati huo alidhani ni saratani ya nyama na mifupa. Wataalamu wa patholojia wa Makerere, hasa Gregory O'Conor na Jack Davies, walionyesha baadaye kwamba ni limfoma, yaani saratani inayoanzia katika chembe nyeupe za kinga ya mwili.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Daktari mmisionari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameandika juu ya watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya miaka mingi kabla ya hapo. Burkitt aliziunganisha habari zilizokuwa zimetawanyika, na alitambua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ni matawi ya mti mmoja.

Kwa nini upasuaji haukufaa

Kwa mpasuaji, jibu la kwanza lilikuwa kisu. Lakini taya la chini si mfupa rahisi kukata. Ni mfupa mmoja wenye umbo la kiatu cha farasi, unaoning'inia kwa viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Viungo hivyo hufanya kazi kwa pamoja kila mtu anapofungua kinywa, kutafuna au kusema. Uvimbe ukijaza upande mmoja hadi juu, kuutoa wote humaanisha kutoa nusu ya taya pamoja na kiungo chake. Nusu inayobaki huvutwa upande, kidevu hupinda, meno ya juu na ya chini hayakutani tena, na kiungo kilichobaki hubeba mzigo peke yake. Kwa mtoto anayekua, uso huzidi kupinda kadiri miaka inavyopita.

Hata hasara hiyo haikununua uhai. Chembe za saratani hii hugawanyika upesi kuliko karibu saratani nyingine zote za binadamu, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Ugonjwa ulirudi palepale au ulitokea tumboni, na mtoto alifariki baada ya miezi michache. Mashine za mionzi hazikuwepo Uganda wakati huo.

Kufikia mwaka 1960 Burkitt alianza kujaribu dawa za saratani, akisaidiwa na wataalamu wa Marekani, hasa Joseph Burchenal wa New York. Dawa za kwanza zilikuwa methotreksati na siklofosfamidi, baadaye vinkristini. Baadhi zilitolewa bure na watengenezaji. Matokeo yalimshangaza hata yeye mwenyewe: kwa baadhi ya watoto uvimbe ulianza kunywea baada ya siku chache. Mfupa ulijijenga upya, meno yaliyolegea yakashika, na uso ukarudi karibu na ulivyokuwa. Watoto wachache walipona kabisa baada ya dozi chache tu. Mjini Nairobi, Peter Clifford alikuwa akipata matokeo ya namna hiyo katika miaka hiyohiyo.

Kwa hiyo Burkitt, aliyekuja Afrika kwa ajili ya kupasua, alikuwa kati ya waliothibitisha kwamba katika ugonjwa huu taya halipaswi kukatwa. Tangu hapo kazi kubwa ya mpasuaji ni kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya uchunguzi. Upasuaji wa kurekebisha taya, kama ulemavu umebaki, husubiri mpaka mtoto amepona, na mara nyingi mpaka amemaliza kukua.

Safari ndefu ya 1961

Ili kujua ugonjwa unapatikana wapi, Burkitt alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wamewahi kuona watoto wa namna hiyo. Kila jibu la ndiyo alilitia alama kwenye ramani iliyokuwa ukutani. Alama zilifanya mkanda mpana uliokata Afrika ya kitropiki, ukiwa na mkia ulioteremka upande wa mashariki kupitia Tanganyika hadi Msumbiji. Lakini ramani haikuonyesha mkanda unaishia wapi hasa, wala kwa nini.

Mwezi Oktoba 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, aliondoka Kampala kwa gari aina ya Ford lililokwisha kutumika, lililonunuliwa kwa pauni 250. Alikuwa pamoja na madaktari wamisionari wawili: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, West Nile, aliyekuwa pia fundi mzuri wa magari, na Clifford Nelson. Katika wiki 10 walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakitembelea zaidi ya hospitali 50 za serikali na za misheni. Katika kila hospitali waliwaonyesha madaktari na wauguzi picha na kuwauliza swali lilelile.

Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa hauonekani sana katika nchi zilizo juu ya mita 1,500 hivi, na kwamba kadiri mtu anavyokwenda kusini kikomo hicho kinashuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alionyesha kwamba jambo lenyewe si mwinuko bali ni joto. Ugonjwa ulipatikana mahali ambapo joto halishuki chini ya nyuzi 16 hivi za selsiasi na mvua inazidi milimita 500 kwa mwaka. Hali hiyo ya hewa ndiyo inayowafaa mbu.

Virusi na malaria

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye alihisi mara moja kwamba huenda kuna virusi ndani ya jambo hili. Wakakubaliana, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kipande kilifika London kimechelewa, maji yake yakiwa na uwingu kama yaliyooza. Badala ya kukitupa, Epstein alikitazama kwa hadubini, akaona chembe hai zinazoelea. Kutokana na chembe kama hizo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walivitambua virusi vipya, wakavitangaza Machi 1964. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, na ndivyo vya kwanza kutambuliwa kuhusika na saratani ya binadamu.

Hata hivyo virusi hivyo vinapatikana kwa watu wengi sana duniani kote, na walio wengi hawapati saratani kamwe. Gilbert Dalldorf na wengine waliona kwamba ramani ya Burkitt inalingana na ramani ya malaria kali ya mwaka mzima. Maelezo yanayokubaliwa sasa ni kwamba mtoto anayeambukizwa virusi mapema na kuugua malaria mara kwa mara hupata mchokoo wa kudumu katika chembe zake za kinga. Katika chembe moja, vipande vya kromosomu hubadilishana mahali, mara nyingi ya 8 na ya 14, na chembe hiyo huanza kugawanyika bila kikomo. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha malaria kali ya kudumu kuwa yaelekea kusababisha saratani hii.

Tanzania na bonde la Kilombero

Katika Tanzania, nadharia hiyo ilijaribiwa huko North Mara, karibu na Ziwa Viktoria. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili kupunguza malaria, na idadi ya wagonjwa wa limfoma ikafuatiliwa. Idadi ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa, na vimelea vya malaria vilianza kuzoea klorokwini. Kwa hiyo jaribio hilo halikutoa jibu la mwisho.

Bonde la Kilombero linatimiza masharti yote ya ramani ya Burkitt. Mji wa Ifakara uko chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, joto ni la mwaka mzima, mvua inazidi sana milimita 500, na mashamba ya mpunga na mbuga za mafuriko huzaa mbu wengi. Kwa wakazi wa Ifakara, Michenga na vijiji vya jirani, malaria ilikuwa ugonjwa wa kila siku wa watoto.

Palepale Ifakara, mwaka 1957, yaani mwaka Burkitt alipomwona mtoto wake wa kwanza, Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki. Maabara hiyo ilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti wake walijaribu chanjo ya malaria ya SPf66 katika kijiji cha Idete, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Chanjo hiyo haikufaulu katika majaribio yaliyofuata mahali pengine. Kuanzia 1997 mpango wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulionyesha kwamba vinapunguza vifo vya watoto, na uzoefu huo ulisaidia kueneza vyandarua nchini kote. Kazi hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya saratani. Lakini kama uhusiano alioonyesha Burkitt ni wa kweli, chandarua kinachomkinga mtoto na malaria kinalinda pia taya lake.

Nyuzinyuzi

Burkitt aliacha upasuaji mwaka 1964 ili afanye utafiti, na mwaka 1966 alirudi Uingereza na familia yake. Mwaka uliofuata alikutana na Thomas Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, ambaye alilaumu sukari na unga uliokobolewa kwa magonjwa mengi ya nchi tajiri. Burkitt alikumbuka kwamba katika miaka 20 ya Uganda alikuwa amewapasua Waafrika wachache sana kwa ajili ya kidole tumbo, na kwamba bawasiri na saratani ya utumbo mpana vilikuwa nadra kwao. Alirudia njia yake ya zamani: akaandika barua kwa hospitali nyingi za Afrika na Asia, akauliza, akahesabu.

Pamoja na Trowell na wengine alifikia wazo kwamba vyakula kama nafaka zisizokobolewa, maharage, viazi na mboga za majani hulinda utumbo kwa sababu ya nyuzinyuzi zake. Kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya jambo hilo kilienea katika nchi nyingi. Si madai yake yote yaliyothibitishwa, na wataalamu walimlaumu kwa kutegemea mno ulinganisho wa nchi na nchi. Lakini ushauri wa kula dona badala ya sembe, unaotolewa leo katika kliniki nyingi za Afrika ya Mashariki, unafuata njia aliyosaidia kuifungua.

Heshima na kifo

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na mwaka huohuo alipewa tuzo ya Lasker ya Marekani pamoja na madaktari wengine waliotibu saratani kwa dawa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, akazikwa katika kijiji cha Bisley.

Urithi

Mjini Kampala, kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 chini ya John Ziegler kiliendeleza kazi ya Burkitt, na kikawa chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Limfoma ya Burkitt imebaki kuwa kati ya saratani za watoto zinazoonekana sana katika Afrika ya kitropiki. Nchini Tanzania watoto hutibiwa katika hospitali kubwa, zikiwemo Muhimbili na Bugando.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9, wavulana kuliko wasichana. Dalili ni meno kulegea kabla ya wakati, taya au shavu kuvimba haraka, jicho kutokeza nje, au tumbo kuvimba. Mara nyingi meno hung'olewa kwanza kwa kudhani ni jipu, au familia hutafuta dawa za kienyeji, na wiki zinapita. Kwa saratani inayokua kwa kasi hii, wiki chache hutenganisha mtoto anayepona na asiyepona. Watoto wanaofika mapema na kumaliza dawa zote wana nafasi nzuri ya kupona, wakibaki na mataya yao.